Vigingi vya Kiwanja Namba Nne

Kabla jogoo hajawika, Sajini Shabani Shekiondo alisikia kinu kidogo kikigonga jikoni. Ko, ko, ko. Kimya kidogo, kisha ko, ko tena. Mkewe Rehema alikuwa akitwanga iliki ya chai, na kinu alikuwa amekiweka juu ya gunia lililokunjwa ili kisimwamshe mumewe. Miaka ishirini na miwili amekuwa akikunja gunia lile, na miaka ishirini na miwili Shabani amekuwa akiamka hata hivyo, akabaki amelala macho wazi bila kusema neno, maana angesema, Rehema angeacha kuweka iliki.

Asubuhi hii alikuwa hajalala sana. Alikuwa akimfikiria Faustine.

Faustine alikuwa kijana wa Njombe, aliyekuja Usambara kuchuma chai, kisha akapata kazi ya kushika mnyororo wa kupimia kwa mpima ardhi wa wilaya. Tangu Jumanne alikuwa mahabusu katika kituo cha polisi cha Lushoto. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu angesomewa mashtaka ya kuhamisha vigingi vya serikali ili aongeze kiwanja chake, na Kamati ya Viwanja ilikwisha sema wazi: mtu mwenye kesi jina lake linafutwa kwenye orodha. Mkewe Wema alikuwa na mimba ya miezi minane, nao walikuwa wakiishi katika chumba kimoja chenye bati linalovuja.

"Umeamka?" Rehema aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeamka sasa hivi."

"Muongo." Alileta kikombe cha chai na kikapu kidogo kilichofunikwa kitambaa. "Hivi viazi ni vya mke wa yule kijana. Usimwambie vimetoka kwa polisi. Mwambie vimetoka kwa mama mmoja."

"Mimi ndiye niliyemkamata mumewe, Rehema."

"Ndiyo maana nasema vimetoka kwa mama mmoja."

* * *

Kilima kilichokuwa juu ya mji watu walikiita bado Uzunguni, ingawa mwaka ulikuwa 1969 na Wazungu wa mwisho walikuwa wameondoka miaka sita nyuma. Nyumba zilikuwa chache, kila moja na bustani yake kubwa. Moja yao ilikuwa imeungua kuta zikabaki, na bustani yake ya ekari mbili na nusu ilikuwa imekaa bure. Hapo ndipo Halmashauri ilipoamua kukata viwanja kumi vidogo, wapewe wauguzi, madereva, wachuma chai na vibarua wa mji. Mkutano wa hadhara ulipitisha kwa mikono mingi. Kilichobaki ni kumimina mawe ya saruji mahali pa vigingi.

Mpima ardhi, Bwana Bakari, alikuwa akimsubiri Sajini huku amejikunyata ndani ya koti. Alikuwa mtu wa Dodoma na baridi ya milimani ilikuwa bado haijamzoea.

"Nionyeshe kama ulivyonionyesha Jumanne," Shabani alisema, "lakini polepole."

Bakari alikunjua ramani juu ya jiwe. "Hiki kiwanja namba nne, cha Faustine. Hiki namba tano, cha muuguzi Jenoveva. Katikati yao inapita njia ya gari, futi kumi na nane. Njia inashikwa na vigingi vinne: saba na nane upande wa Faustine, tisa na kumi upande wa muuguzi. Ijumaa jioni tulivipigilia hapa. Jumatatu asubuhi napima tena, navikuta vyote vinne vimesogea kwenda kwa muuguzi. Njia ni ile ile, upana ule ule, ila imehama. Namba nne imenenepa, namba tano imekonda. Sasa afande, nani ananenepa?"

"Faustine."

"Mimi sikutaka kumtaja. Kijana mwenyewe nampenda. Lakini ramani haina huruma."

Shabani alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Jumanne alikuwa ameangalia vigingi vilipo sasa. Leo alitafuta mahali vilipotoka. Ilimchukua muda mrefu kupata tundu la kwanza, maana halikuwa tundu tena. Lilikuwa limejazwa udongo, udongo ukakanyagwa, na juu yake kipande cha nyasi kimerudishwa kikashonwa vizuri kama kiraka cha kaptula. La pili vile vile. Na la tatu, na la nne.

"Mwizi gani huyu anayefukia nyuma yake?" alinong'ona.

"Anaficha."

"Anayeficha hufukia upesi. Hapa mtu amekaa. Tazama, ameelekeza majani upande yanapolala." Alihamia kwenye kigingi namba saba, akakishika kichwa. "Nyinyi mnapigilia na nini?"

"Nyundo ya mti. Ile pale."

Kigingi cha jirani, ambacho hakikuguswa, kilikuwa kimepondeka kichwa kizima, bapa, nyuzi za mti zimechanuka pembeni. Namba saba kilikuwa na alama hiyo pia, ila juu yake palikuwa na alama nyingine: vishimo vya mviringo, vidogo, vingi, mithili ya mtu aliyegonga kwa upole mara hamsini badala ya kugonga mara tano kwa nguvu. Ndani ya nyufa palikuwa na kitu cheupe kilichoganda. Shabani alikichokoa kwa ncha ya kisu, akakinusa, kisha akakilamba.

"Afande!" Bakari alishtuka.

"Unga wa mahindi," alisema Sajini. Ko, ko, ko ya asubuhi ilimrudia masikioni. "Bwana Bakari, hiki kigingi kimepigiliwa kwa mchi."

Mguuni pa kigingi namba nane aliokota uzi wa gome la mgomba, uliofungwa fundo. Hatua chache mbele, uzi mwingine, fundo lingine. Kwa hiyo mhamishaji alikuwa amepima. Alivipima vigingi vyote kwa kamba moja, ndiyo maana upana wa njia haukubadilika. Shabani alipima kwa mikono yake kutoka tundu la zamani hadi kigingi kipya. Kama wazee wapimavyo kitambaa, alinyoosha mikono kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Pima tatu na zaidi kidogo. Ile zaidi ilimkera. Aliyepima kwa pima hakati pima, huenda tatu au huenda nne.

"Mwite Bwana Bakari apime," alijisemea, kisha akacheka maana Bakari alikuwa pale pale. Bakari, mrefu kuliko yeye, alipata tatu kasoro.

"Kwa mtu mfupi zitakuwa nne kamili," Shabani alisema. "Mfupi sana. Faustine ana urefu gani?"

"Akisimama namtazama kidevu."

Sajini aliandika yote katika daftari lake. Kabla ya kuondoka alitupa macho mara moja kwenye njia ya zamani, pale gari lingepita kama vigingi visingehama. Palikuwa nyasi tu, na vichaka vitatu vya ile mimea yenye majani marefu kama mapanga, ambayo Wachaga wanaiita masale na sisi watu wa Usambara tunaipanda mipakani. Mzungu alipenda bustani, alifikiri, akashuka kilima.

* * *

Faustine alisimama Sajini alipofungua mlango wa mahabusu. Alikuwa amekunja blanketi lake pembe kwa pembe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Nani anakutakia ubaya hapa Lushoto?"

"Hakuna."

"Nani anajua vigingi vina maana gani?"

"Kila anayeuliza namwambia. Watu wanafurahi kuona viwanja vyao." Faustine alitabasamu, kisha akakumbuka alipo. "Afande, mimi nashika mnyororo kila siku. Ningetaka kuiba ardhi ningehamisha inchi sita, na Bwana Bakari asingejua mpaka anastaafu. Kuhamisha njia nzima? Hata mbuzi angeona."

"Hilo nimelifikiria."

"Basi, naomba jambo moja. Yule bibi tunayekaa naye ukuta kwa ukuta, Bibi Mwanamisi, mimi ndiye ninayempandishia maji. Mke wangu kwa hali yake asinyanyue ndoo. Kama kuna askari anapita njia ile..."

"Kesho unasomewa mashtaka, na unaniomba ndoo ya maji?"

"Jumanne, Jumatano, leo," Faustine alihesabu kwa vidole. "Pipa lake litakuwa limekauka, afande."

* * *

Mtu mmoja mji mzima ulimjua kuwa hapendi viwanja vile. Bwana Abdallah, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa akiishi katika nyumba iliyopakana na bustani hiyo kwa juu. Alikuwa amekwisha andika barua tatu za pingamizi, zote kwa mashine ya taipu, zote na nakala. Kama kuna aliyefaidika na vurugu ya vigingi alikuwa yeye.

Alimpokea Sajini barazani, na kanzu yake ilikuwa nyeupe kama karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu Shabani. Nilikutegemea jana. Umechelewa kunishuku."

"Nilianza na watu wepesi."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Aliingia ndani, akarudi na karatasi kuukuu iliyofungwa kwa utepe. "Haya ndiyo mapatano ya kilima hiki, ya mwaka 1931. Wenye nyumba kumi na wawili walitia sahihi. Sikiliza nikufasirie. Nyumba moja tu kwa ekari mbili. Hakuna duka. Hakuna kufuga kuku mbele ya nyumba. Hakuna kuzika mtu. Masharti haya yanafuata ardhi, si mtu, anayeinunua anayarithi. Sasa Halmashauri inaleta nyumba kumi! Watoto, majivu, redio..."

"Umeruka moja, mzee. La nne."

Bwana Abdallah aliishusha karatasi.

"Kiingereza changu ni cha darasa la nane," Shabani alisema kwa adabu, "lakini naona hapa pameandikwa kwamba Mwafrika asilale kwenye kilima hiki isipokuwa akiwa mtumishi. Wewe unalala hapa kama nani?"

Ukungu ulipita barazani, ukaenda zake. Mzee alikunja karatasi polepole.

"Unajua nani aliyeandika nakala hii? Tazama mwandiko. Ni mimi. Nilikuwa karani wa miaka kumi na tisa. Niliandika sharti la nne kwa herufi nzuri kuliko yote, kisha nikashuka kwenda kulala bondeni. Serikali iliponipa nyumba hii nilijiona nimefika." Alitazama bustani iliyo chini yake. "Ninachopenda ni ukimya tu, Shabani. Lakini sikugusa vigingi. Jumamosi na Jumapili nilikuwa Vuga, kwenye maziko ya shemeji yangu. Uliza mtu yeyote."

"Nimekwisha uliza. Kweli ulikuwepo."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukuuliza nani huingia bustanini."

"Mbuzi. Na wewe. Na Bibi Mwanamisi kila Ijumaa, tangu zamani. Huinama pale kwenye mimea ile ya majani marefu, anapalilia. Anapenda maua, maskini." Mzee alisita, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, akiona haya kuonekana mwema: "Huyo mke wa Faustine nilimpelekea sukari jana. Nilisema imetoka kwa jirani. Usiharibu."

* * *

Wema alifungua mlango mkono mmoja ukiwa kiunoni. Alikuwa mwanamke mrefu, na mimba ilimfanya aonekane mrefu zaidi. Chumba kilikuwa safi. Chini ya mahali bati linapovuja aliweka sufuria, na matone yaliyodondoka usiku yalikuwa yameijaza nusu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Nimepewa hivi viazi na mama mmoja."

Wema alitazama kitambaa cha kikapu, kilichotariziwa maua mekundu, kile kile ambacho Rehema hufunikia kikapu chake sokoni kila Alhamisi. "Mwambie huyo mama asante sana," alijibu. "Na mimi nitamrudishia kikapu chake."

Shabani alikuwa akitazama pembeni. Palikuwa na kinu kikubwa cha kutwangia mahindi, kimefunikwa ungo. Kinu tu.

"Mchi wake uko wapi?"

"Ulivunjika mwezi wa Ramadhani." Sauti yake haikubadilika. "Tunatumia wa Bibi Mwanamisi hapo jirani. Yeye hana kinu, mimi sina mchi. Anakuja nao asubuhi, natwanga ya watu wawili, anarudi nao."

Sajini alimpima kwa macho. Mwanamke huyu mwenye urefu huu, pima yake isingefika nne pale. Na mwenye mimba ya miezi minane hapigi magoti kushona nyasi.

"Jumapili alikuja nao?"

"Alichelewa. Alikuja jua limepanda, mchi una udongo, tukauosha. Aliniambia ulimponyoka njiani." Sasa Wema alianza kusoma uso wake. "Afande, usimguse yule bibi. Hajui hata kama Faustine amekamatwa."

"Hajui?"

"Nimemwambia amesafiri na Bwana Bakari kupima shamba huko Mtae. Mtu mzima yule. Ana Faustine tu wa kumwita mwanangu. Nilisema nisimtie simanzi bure, labda mtamwachia." Alijipangusa macho kwa pembe ya kanga. "Majirani wote nimewaomba wasimwambie. Wamekubali. Hata watoto."

Mtaa mzima ulikuwa umemfichia bibi kizee habari kwa ajili ya mapenzi, na kwa kufanya hivyo walikuwa wamemfungia Faustine ndani kwa siku tatu.

"Mama," alisema kwa upole, "ndoo yako iko wapi?"

* * *

Chumba cha Bibi Mwanamisi kilikuwa cha mwisho katika safu ile, ambayo enzi za ukoloni ilikuwa nyumba ya watumishi wa kilima. Sajini wa polisi aliingia uani na ndoo ya maji begani, sare imelowa upande mmoja. Aliyamimina pipani. Lilikuwa limekauka kweli.

Bibi alikuwa mdogo sana. Amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage, na mchi umeegemezwa ukutani nyuma yake.

Shabani alimwamkia kwa Kishambaa, naye akaitikia kwa furaha, akamuuliza habari za Mlola alikotoka, za mama yake, za mvua. Hayo yote yalijibiwa moja moja, maana hayarukwi. Kisha Shabani akakaa kwenye kigoda, akatoa mfukoni zile nyuzi mbili za mgomba, akaziweka mkekani.

Bibi alizitazama. Hakushtuka. "Nilijua zimenidondoka," alisema. "Wewe ndiye uliyeziokota? Macho yako mazuri."

"Pima nne, Bibi."

"Nne. Nilitaka tano, lakini yule muuguzi naye ana haki yake. Nikasema nichukue kiasi kinachotosha gari lisipite."

"Lisipite wapi?"

Vidole vyake viliacha kuchambua. Hapo Shabani alivikumbuka vile vichaka vitatu na akaona aibu iliyomjia hadi masikioni. Yeye, mtoto wa Mlola! Mpakani tunapanda mstari, kutoka jiwe hadi jiwe. Vile vilikuwa vitatu vimekaa kwa kuzungukana katikati ya bustani, havipakani na kitu chochote. Mimea ile hupandwa kwa mambo mawili tu, na kama si mpaka ni kaburi. Bwana Bakari wa Dodoma hakuwa na njia ya kujua. Yeye alikuwa nayo, na alivipita vichaka vile akidhani ni maua ya Mzungu.

"Ni nani, Bibi?" aliuliza.

"Anaitwa Zuhura," alisema bibi. "Ana miezi minne."

Alisimulia polepole, huku mikono imerudi kwenye maharage. Alikuwa mpishi wa nyumba ile iliyoungua. Mvua za mwaka arobaini na tatu zilikata barabara ya Mtae, kwao, na homa ikamchukua mtoto siku ya pili ya mvua. Hakukuwa na jinsi ya kumpeleka nyumbani. Mtunza bustani, mtu wa Mtae pia, alichimba alfajiri nyuma ya waridi, akamsalia, wakapanda ile mimea mitatu. Walijua ni kosa. Wazungu walikuwa na karatasi yao.

"Siku ya tatu mama wa nyumba alinikuta pale nimepiga magoti. Alisimama. Na yeye alikuwa ametia sahihi ile karatasi, eti. Akageuka, akaenda kumwambia mtunza bustani, hapa pasilimwe, wala pasikatwe. Basi. Mpaka anaondoka nchini hajaniuliza, na mimi sijamwambia. Lakini kila mwaka siku ile alinipa ruhusa ya mchana."

"Kwa nini hukuja kwetu? Kwa Kamati?"

"Nije niseme nini? Kwamba nilivunja sheria? Niliogopa watamfukua." Aliinua uso. "Siku wanapigilia vile vijiti nilimuuliza Faustine, gari litapita wapi? Akanionyesha kwa mkono. Pale pale juu yake. Sikulala. Nikasema, kama lazima awe kwenye kiwanja cha mtu, awe kwa Faustine. Kijana anayenipandishia maji hatamkanyaga mtoto wangu. Nikamsogezea. Akirudi safari nitamweleza mwenyewe, taratibu."

Shabani alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Bibi," alisema, "Faustine hajasafiri."

* * *

Watu wa mji walikumbuka kwa muda mrefu jinsi Bibi Mwanamisi alivyopita katikati ya soko siku ile, hajamaliza kufunga kanga, mchi begani, na Sajini akimkimbilia nyuma akimsihi apumzike. Alipanda ngazi za kituo, akauweka mchi juu ya meza ya zamu.

"Huu ndio ulioiba," alimwambia askari wa zamu. "Na mimi ndiye niliyeushika. Mtoeni mwanangu."

Askari alimtazama Sajini. Sajini akamtazama Bwana Bakari, aliyekuwa ameitwa na alikuwa amekwisha elezwa yote mlangoni. Mpima ardhi alikuwa ameshika ramani yake kwa mikono miwili na hakuwa anaona baridi tena.

"Afande," Bakari alisema, "mlalamikaji ni mimi?"

"Ni wewe."

"Ramani hii ni ya kalamu ya risasi. Mpaka saruji imiminwe, mpima anaruhusiwa kusahihisha kosa lake. Na kosa ni langu. Niliona mimea, sikuuliza wenyeji." Alichukua kifutio mfukoni, akafuta mistari miwili midogo pale pale juu ya meza, karibu na mchi. "Njia inapita hapa vigingi vilipo. Muuguzi anaongezewa upande wa chini, pana eneo la wazi. Kaburi linaandikwa kwenye ramani. Na malalamiko yangu nayaondoa. Nipe kitabu nitie sahihi."

"Na kosa la kugusa vigingi?" aliuliza askari wa zamu, aliyekuwa kijana na bado anaamini kila kosa lina ukurasa wake.

"Andika kwamba mpima alisaidiwa," alisema Shabani.

Faustine alipotoka alikuwa na blanketi lake lililokunjwa mkononi. Bibi alimfikia kifuani tu. Alimpiga kofi dogo mkononi, la kumgombeza, kisha akaushika mkono ule ule akaukandamiza shavuni.

"Pipa lako, Bibi," Faustine alisema. "Lina maji?"

"Limejaa. Polisi mzima amenichotea."

* * *

Ijumaa mchana, baada ya swala, ukungu uliondoka na jua likawaka kilimani. Saruji ya vigingi saba na nane ilikuwa bado mbichi. Bwana Abdallah alikuwa ameshuka kutoka nyumbani kwake, akasema amekuja kuona kama wanapima sawasawa. Lakini alikuja na tasbihi, na alipoona bibi anapalilia alikaa kando ya vile vichaka vitatu, akasoma dua kwa sauti ya karani, kila herufi mahali pake. Alipomaliza aliuliza kama kweli nyumba kumi zitakuwa na redio kumi.

Shabani alisimama mbali kidogo. Alikuwa na daftari la kufunga, na hakuona haja ya kulifunga mbele ya watu.

Kiwanja namba nne kilikuwa nyasi tupu. Faustine alikuwa ameweka mawe mawili bapa yaliyoachana kwa upana wa mlango, na Wema amekaa juu ya moja, kikapu cha Rehema mapajani, kimejaa pea za kumrudishia mwenyewe.

Bibi Mwanamisi alijipangusa udongo magotini. Kwa mazoea ya miaka ishirini na sita alitazama kulia, akatazama kushoto, akaanza kuelekea kwenye pengo la ua wa nyuma, mahali ambapo mtu anaweza kutoka bila kuonekana.

"Bibi," Wema aliita. "Unapita wapi?"

"Nakwenda nyumbani, mwanangu. Nimemaliza."

"Usipite uani kama mtu anayejificha. Pitia huku." Alijisogeza kwenye jiwe lake, akampisha nafasi katikati ya mawe mawili. "Hapa ndipo mlango utakapokuwa."

Bibi alisita. Kisha akapita pale katikati, taratibu, akainua mguu juu kidogo kana kwamba kizingiti kilikuwepo tayari. Wema alimshika mkono kumsaidia, na hakuuachia.

"Ijumaa ni mbali," alisema. "Njoo kesho tena."